Fedha ya Kahawa na Fedha ya Soko

Husikika mara nyingi barazani ya kwamba wake wa zamani hawakudai fedha, na wa siku hizi hawanyamazi. Wasemao hivyo wamesahau kutazama jiko. Basi na tutazame jiko la Uchaga, katika miteremko ya Kilimanjaro.

Zamani mtu na mkewe walipoanza maisha, vitu vyao karibu vyote vilitoka shambani au kwa majirani. Chuma cha majembe kilitoka Upare, kwa wahunzi wa Ugweno. Taa ilikuwa moto wa mafigani. Vazi lilikuwa ngozi, hata misafara ya pwani ilipoleta merikani. Mke alikuwa na soko lake. Aliuza ndizi, maharagwe na maziwa, na alichopata kilikaa mkononi mwake.

Kilichogeuza mambo, nadhani, kilikuwa kodi kabla ya duka. Mwaka 1897 serikali ya Wadachi iliamuru kodi ya nyumba, na waume wakaenda kutafuta rupia kwa vibarua. Mwaka 1911 reli ya Tanga ikafika Moshi, na pamoja nayo sufuria, sabuni na mafuta ya taa. Mtu aliyekwisha kuzoea taa hapendi tena kukaa gizani, wala sufuria haisubiri mfinyanzi.

Hapo ndipo kahawa ilipoingia nyumbani. Mibuni wakulima wenyewe waliipenda hata mwaka 1925 wakaanzisha chama chao cha kwanza, na mwaka 1933 ukafuata muungano wa vyama vya ushirika, yaani KNCU. Mke na watoto walichuma buni, wakaimenya, wakaianika. Lakini kwenye mizani liliandikwa jina la mume. Fedha hiyo ilikuja kwa msimu, nayo ilikuwa na kazi kubwa: kodi, bati, blanketi, ada ya shule. Vitu vidogo viishavyo kila juma, chumvi, sabuni, kiberiti, vilibaki juu ya kikapu cha mke. Mume alisifiwa kwa bati, kwa kuwa laonekana kutoka njiani. Nani amewahi kusifu chumvi?

Sheria nayo ilikuja kusema. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimpa mke haki sawa na mume ya kupata mali na kuimiliki, tena ikampasa mume amlishe, amvike na ampe makao. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikaamua ya kwamba kazi za mke za nyumbani ni mchango katika mali waliyochuma pamoja. Hata hivyo mama aliyeleta shauri lile hakupata kitu, kwa maana ilionekana kuwa fungu lake alikwisha kulipokea na kulitumia.

Kisha mwaka 1989 mapatano ya mataifa juu ya kahawa yakavunjika, bei ikaanguka mno. Mibuni mingi ikaachwa bila kutunzwa, mingine ikang'olewa kupisha migomba na mboga. Katika nyumba nyingi fedha ya msimu haikutosha tena kwa bati wala kwa ada. Fedha ya kikapu, iliyodharauliwa kwa kuwa ni ya chumvi, ikaanza kulipa ada.