Nani Alilipa? Historia ya Mlango wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi



Kila mwaka, siku matokeo ya mtihani wa serikali yanapotangazwa, mitaa yetu hugeuka kuwa meupe. Waliofaulu hujimwagia poda kichwani, akina mama hupiga vigelegele, na jirani hutoka nje kushangilia hata kama hana mtoto katika darasa hilo. Furaha hiyo ni ya haki. Lakini jioni, poda ikiisha kuoshwa, baba na mama hukaa ndani na kuulizana kwa sauti ya chini: sasa minervali tutaipata wapi?

Swali hilo halikuzaliwa jana. Lina historia yake, na inafaa vijana wa parokia zetu waijue, kwa sababu mtu asiyejua jinsi mlango ulivyojengwa hudhani kwamba ulikuwa hivyo tangu mwanzo wa dunia, na kwamba hauwezi kubadilishwa. Ndiyo maana tunataka kuwaeleza habari za chuo kikuu cha serikali kilichomo mjini Lubumbashi. Katika kila kipindi tutauliza maswali mawili tu: nani aliingia, na nani alilipa?

Mlango mwembamba

Kwa miaka mingi ya utawala wa Wabelgiji, Mkongo aliyetaka masomo ya juu alikuwa na njia karibu moja tu, nayo ni seminari. Padri Stefano Kaoze, mwana wa Marungu karibu na ziwa Tanganyika, alipewa daraja la upadri mwaka 1917, akiwa Mkongo wa kwanza wa nyakati zetu kulipokea. Nje ya seminari, serikali ya koloni ilitaka makarani, mafundi na wasaidizi wa waganga. Haikutaka mawakili wala wahandisi weusi, kwa maana ilijua kwamba mtu aliyesoma sheria ataanza kuuliza habari za sheria.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yalianza kubadilika. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Kimwenza, karibu na Léopoldville, chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain. Wakati huohuo Auguste Buisseret, waziri wa makoloni kutoka chama cha Waliberali, hakupenda elimu yote ibaki mikononi mwa misioni. Ugomvi kati ya shule za Kanisa na shule za serikali, uliokuwa ukiwaka huko Ubelgiji, ukahamia kwetu. Mwaka 1955 serikali ikatoa amri ya kuunda chuo kikuu chake, na mwaka 1956 masomo yakaanza Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Kiliitwa Chuo Kikuu Rasmi cha Kongo ya Ubelgiji na Ruanda-Urundi.

Nani aliingia? Katika miaka ya kwanza wengi wa wanafunzi wa Elisabethville walikuwa watoto wa Wazungu. Mji ulikuwa na vijana weusi wengi, lakini shule za sekondari za kuwafikisha chuoni zilikuwa chache mno. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu, mapadri wakiwekwa kando, hawakufika thelathini kwa hesabu inayotajwa mara nyingi. Nchi kubwa kama hii ilianza safari yake na watu ambao wangeweza kuketi wote katika chumba kimoja cha darasa.

Na nani alilipa? Ilikuwa hazina ya koloni. Lakini hazina hiyo haikujazwa na mvua. Ilijazwa na shaba ya Union Minière, iliyotolewa ardhini kwa mikono ya wafanyakazi weusi. Ilijazwa na kodi ya kichwa, na pamba ambayo mkulima wa Maniema alilazimishwa kuilima, apende asipende. Mkulima huyo alikilipia chuo kikuu asichokijua hata kwa jina, na ambacho mtoto wake hakuweza kukiingia.

Miaka ya bursi

Baada ya uhuru nchi ilihitaji watu waliosoma kama shamba kavu linavyohitaji maji. Wanafunzi Wakongo wakaongezeka upesi. Mwaka 1963 Waprotestanti walifungua chuo kikuu chao Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, hivyo vikawa vitatu. Mwaka 1964 Sophie Kanza alimaliza masomo yake Lovanium, akawa mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata shahada ya chuo kikuu. Miaka miwili baadaye akawa waziri. Tunaomba wasichana wetu waushike mwaka huo: kutoka Padri Kaoze hadi Sophie Kanza, ilipita miaka arobaini na saba.

Wazee waliosoma wakati huo wanapenda kutuhadithia habari za bursi. Mwanafunzi alipewa kitanda, alikula bukari katika restorani ya wanafunzi, na mwisho wa mwezi alipokea fedha kidogo, ambazo wengine walituma nyumbani. Mtoto wa mchimba madini wa Kamalondo aliweza kuketi benchi moja na mtoto wa chifu. Jamaa haikulipa, mtoto mwenyewe ndiye aliyeisaidia jamaa.

Lakini tusiufanye wakati huo kuwa paradiso. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Kinshasa waliandamana, wakidai pamoja na mengine kwamba bursi iongezwe na hali yao ya maisha iangaliwe. Askari waliwapiga risasi, na makumi kati yao walikufa. Walipotaka kuwakumbuka wafu hao miaka miwili baadaye, wanafunzi wa Lovanium waliingizwa jeshini kwa nguvu. Kisha, mwezi wa Agosti 1971, serikali ya Mobutu ikavichukua vyuo vikuu vyote vitatu, cha Wakatoliki, cha Waprotestanti na cha serikali, ikavifanya kimoja: Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Askofu Tharcisse Tshibangu, aliyekuwa rekta wa Lovanium, akawekwa kuwa rekta wa chuo hicho kipya.

Mkono ulioleta mageuzi hayo ulikuwa mzito, lakini yalizaa jambo moja lisilotazamiwa. Fakulte ziligawanywa kati ya miji: sheria na uganga Kinshasa, saikolojia na elimu ya ualimu Kisangani, fasihi na elimu ya jamii Lubumbashi. Basi kijana wa Équateur au wa Kongo ya Chini aliyetaka kusoma fasihi alipanda ndege au treni kuja kwetu. Serikali iliweka pia hesabu ya nafasi kwa kila mkoa. Hapa Kasapa, mahali zilipo nyumba za wanafunzi, watu waliokuwa hawajaonana walijifunza kula pamoja, na wengi wao walirudi kwao wakijua Kiswahili. Mwaka 1981 chuo hicho cha taifa kiligawanywa tena kuwa vitatu, na ndipo jina la Chuo Kikuu cha Lubumbashi lilipozaliwa.

Nani alilipa bursi hizo? Ilikuwa shaba tena. Union Minière ilitwaliwa na serikali mwaka 1967, ikawa kampuni tunayoijua kwa jina la Gécamines. Watu wengi walichimba na wengine wengi walilima, ili wachache wasome. Na waliporudi na shahada zao, si wote walioukumbuka mkono uliowalisha.

Mzigo wahama bega

Katikati ya miaka ya 1970 bei ya shaba ilianguka. Deni la nchi lilipanda, na wenye kukopesha wakadai serikali ipunguze matumizi. Katika miaka ya 1980 bursi ilipungua thamani, ikachelewa, kisha ikatoweka. Restorani za wanafunzi zikafungwa. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, mwaka 1993 haikufikisha hata tani 50,000.

Usiku wa tarehe 11 Mei 1990, chuo cha Lubumbashi kilishambuliwa, na wanafunzi wakauawa vitandani na vichakani. Idadi yao inabishaniwa hata leo. Ubelgiji ikasimamisha msaada wake kwa serikali. Na miaka miwili baadaye, mwaka 1992 na 1993, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu katika Katanga. Mahali palipofundisha vijana wa mikoa yote kula pamoja palikuwa katikati ya chuki hiyo. Tunalisema kwa huzuni, na tunalisema kwenu kwa sababu ninyi hamkuwapo.

Wakati huohuo walimu wa serikali walikuwa hawalipwi. Katika mwaka wa masomo 1992-1993, kwanza katika shule za Kikatoliki, wazazi walikubali kuchanga wenyewe ili mwalimu aweze kula na mtoto aweze kusoma. Ilikuwa dawa ya muda mfupi, lakini imekuwa chakula cha kila siku. Chuoni vilevile, fedha za wanafunzi ndizo zilizoshikilia nyumba isianguke.

Sisi tunaoandika haya tulisomea ualimu katika miaka hiyo. Nyumbani kwetu tulikuwa wawili tuliomaliza shule ya sekondari kwa wakati mmoja, na makuta yalitosha mtu mmoja. Jamaa ilikaa kikao jioni moja. Dada yetu alikuwa amepata alama kutupita, na kila mtu pale ndani alilijua hilo. Wazee walisema kwamba msichana ataolewa, na mvulana ndiye atakayelea jina. Naye hakubisha. Alianza kuuza makala sokoni Katuba, na minervali yetu ilitoka katika magunia yale. Leo tunaitwa mwalimu, tunaitwa katekista, tunapewa kiti mbele. Yeye hana cheti chochote cha kuonyesha kwamba alisomesha mtu. Tulichukua miaka mingi kabla ya kumwambia asante mbele ya watu, na asante hiyo haikumrudishia masomo yake.

Hivyo ndivyo mzigo ulivyohama. Zamani ulibebwa na mkulima asiyejulikana. Katika siku zetu ulihamia ndani ya nyumba, kwenye bega la mama na la dada.

Mlango wa leo

Leo Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina wanafunzi wengi kuliko wakati wowote wa miaka ya bursi, na wasichana wanaoingia si wachache wa kutajwa kwa majina tena. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini minervali huhesabiwa kwa dola, hali mama huuza mchicha kwa franka. Kila franka ikishuka, minervali hupanda bila mtu kuipandisha. Na kuna pango la chumba, usafiri, na karatasi za masomo. Mlango umepanuliwa, lakini bei imewekwa ndani yake.

Katiba ya mwaka 2006 inasema kwamba shule ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za serikali. Neno hilo lilianza kutendeka kweli mwezi wa Septemba 2019. Fanyeni hesabu nasi: mtoto aliyeingia darasa la kwanza siku ile, kama hakurudia darasa, atasoma miaka sita ya msingi na sita ya sekondari, naye atamaliza mwaka 2031. Atakuja na wenzake wengi ambao zamani wangeishia njiani. Nani atawalipia?

Hatuwaambii kwamba bursi za zamani zirudi kama zilivyokuwa, maana zilikuwa jasho la wengi kwa faida ya wachache. Wala hatukubali kwamba kila jamaa ibebe peke yake, maana hapo ndipo dada huuza makala. Tunachowaomba ni vitu viwili. Kwanza, serikali idaiwe wajibu wake, kwa heshima na bila kuchoka, kwa sababu shaba ingali inatoka ardhini na malori tunayaona yakipita. Pili, tusingoje. Jumuiya hai ambayo huchanga kwa ajili ya kilio inaweza kuchanga pia kwa ajili ya masomo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na wewe ambaye umekwisha kuingia, usiseme kwamba ulisoma kwa akili yako tu. Uliza nyumbani kwenu nani alilipa, umpe jina lake.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika jamaa zetu, nani aliacha masomo ili mwingine asome? Je, alishukuriwa?
2. Makuta yakitosha mtoto mmoja tu, tunachagua kwa kipimo gani? Msichana hupimwa sawa na mvulana?
3. Kikundi chetu kinaweza kufanya nini mwaka huu kwa kijana mmoja wa parokia aliyefaulu, naye hana wa kumlipia?