Msimu wa Mabaharia wa 1918 na Daftari Tunalodaiwa



Mwaka 1918, Marekani ikiwa vitani, kambi ya mafunzo ya wanamaji ya Great Lakes, kaskazini mwa Chicago, ilikuwa na timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia nao mikononi. Septemba mafua makali yaliingia kambini na kuua mamia ya wanamaji. Hata hivyo timu iliingia uwanjani.

Haikufungwa hata mechi moja. Ilitoka sare na Northwestern 0-0 na Notre Dame 7-7. Novemba 23, siku 12 baada ya vita kusimama Ulaya, ilicheza na chuo cha maofisa wa wanamaji, Annapolis. Wenyeji waliongoza 6-0, wakakaribia kufunga tena, wakaangusha mpira. Mchezaji wa Great Lakes akauokota, akachanja mbuga peke yake. Mchezaji wa akiba wa wenyeji akachomoka benchi, akamwangusha! Alama zilihesabiwa vilevile, Great Lakes ikashinda 7-6. Januari 1, 1919 ikaifunga Mare Island 17-0 katika Rose Bowl. Nyota wa siku hiyo, George Halas, mwaka 1920 alikuwa miongoni mwa waasisi wa ligi ya kulipwa inayoitwa leo NFL.

Tunayajua haya kwa sababu yaliandikwa.

Siku mbili baada ya mechi ya Annapolis, Novemba 25, Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi la Wajerumani huko Abercorn, leo Mbala, Zambia. Vita vikaisha upande wetu. Mizigo ya majeshi ilibebwa na babu zetu wa Afrika Mashariki, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa na maradhi. Kariakoo imepata jina kutokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps. Jina la kikosi limebaki sokoni. Majina ya wengi wao hayamo popote.

Sisi tunaoshinda na vitabu vya hesabu tunaujua msemo: mali bila daftari hupotea bila habari. Na watu je?

Kwa hiyo, katika mchango wa mwaka huu tumetenga fungu la daftari la kijiji. Changia ulichojaliwa. Ukienda likizo, mkalishe bibi au babu, muulize nani alichukuliwa na nani hakurudi, utuletee majina.