Kujinadi kwa Mtafuta Mchumba

Tarehe 19 Julai 1695, katika mji wa London, gazeti dogo la kila juma lililokuwa likieleza mambo ya kilimo na biashara lilitoa, miongoni mwa matangazo yake ya kuuza na kununua, habari ya bwana mmoja wa umri wa miaka kama 30, asemaye kwamba ana mali nzuri, ambaye angeridhia kumwoa binti wa watu mwenye mali ipatayo pauni 3,000 au karibu na hapo. Mwenye gazeti aliitwa John Houghton, mwuza dawa kwa kazi yake na mtu wa elimu kwa mapenzi yake. Na katika tangazo lile zima mimi sioni neno tamu kuliko hilo la "asemaye", kwa kuwa kwalo Houghton aliutua mzigo wote wa ukweli juu ya mabega ya huyo aliyejisifu, naye akabaki mikono mitupu. Palikuwa na kijana wa pili pia, wa miaka 25, mwenye kazi nzuri, ambaye baba yake angemwezesha kwa pauni 1,000, na ambaye alipenda ijulikane kuwa amelelewa katika madhehebu ya wazazi wake na kwamba ni mtu wa kiasi. Wasomaji walipodhani ni mzaha, Houghton alilazimika kuwahakikishia kwamba maombi yale ni ya kweli, na kwamba yeye mwenyewe atayasimamia kwa heshima, busara na siri. Kwa lugha yetu, mwuza dawa yule alikuwa amejifanya mshenga.

Sisi watu wa pwani twasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na aliyelelewa juu ya methali hiyo hawezi kusoma habari ya mabwana wale wawili bila kuona haya kidogo kwa niaba yao. Kwetu mtu alikuwa na wa kumsifu. Kijana aliyetaka kuoa hakufungua kinywa mbele ya wakwe. Alimwambia mama yake, au shangazi, na aghalabu kwa kuzungusha maneno, na mama akalifikisha kwa baba, na baba akamtafuta mtu mzima mwenye ulimi laini na jina safi, akamtuma. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliyaandika mambo haya katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903 kwa uhariri wa Carl Velten, na asomaye sura zake za ndoa ataona jinsi kila hatua ilivyokuwa na mtu wake na haki yake: kilemba cha baba, mkaja na ubeleko wa mama, na vingine vingi ambavyo vijana wa leo huviona ni bei, ilhali wazee waliviona ni adabu. Ajabu ya dunia ni kwamba Mtoro mwenyewe, akiwa mwalimu wa Kiswahili huko Berlin, alioa Mjerumani mwaka 1904, na mwaka uliofuata, alipotaka kurudi kwao, watawala wa Kijerumani wa Dar es Salaam wakakataa mkewe asishuke pwani. Aliyeyajua masharti ya posa kuliko wote alizuiwa na sharti ambalo hakuna mkwe aliyelitunga.

Hata barua ya posa, ilipoenea pamoja na shule na karatasi, haikumwondoa mshenga mahali pake. Barua ile ilikunjwa vizuri, ikafungwa ndani ya leso nyeupe pamoja na fedha, ikapelekwa kwa mkono. Na ndani yake mwoaji hakusema kwamba yeye ni mzuri wa sura wala mcheshi, maana alianza kwa salamu ndefu, akataja nasaba yake, akaomba kwa unyenyekevu apewe udugu. Sifa zilibaki kwa mshenga. Naye alipokwisha kuzimwaga, wenye mwana hawakumjibu siku hiyo. Walisema, "Tupeni nafasi tukatazame," nao wakaenda kutazama kweli: kwao ni wapi, mtoto wa nani, anaswali msikiti gani, anamdai nani na nani anamdai. Kwa hiyo neno la sifa lilikuwa na mlinzi wake, na mlinzi huyo alikuwa mtaa mzima.

Nisiipake zama ile mafuta, hata hivyo. Mshenga naye alikuwa binadamu, na wapo walioficha ulevi wa kijana, au mke wa bandari nyingine, au umri wa mzee aliyetiwa hina ndevu akaitwa mtu wa makamo. Tena binti aliyeposwa mara nyingi hakuulizwa ila mwisho, akiwa ameinama, na ukimya wake ukahesabiwa kuwa ndiyo. Tofauti niionayo mimi ni moja tu: mshenga alipodanganya, alijulikana nyumba yake, na kesho yake aliweza kufuatwa barazani akaulizwa.

Watu wa Ulaya walifika kwenye gazeti kwa sababu ya haja, na haja hiyo ilikuwa upweke wa miji. Mtu aliyetoka kijijini akaenda kufanya kazi ya kiwanda, au ya karani, au ya uaskari katika mji usiomjua baba yake, hakuwa tena na shangazi wa kumwambia siri yake, wala jirani wa kumtolea ushahidi. Katika Ufaransa jambo hili lilipata makao mahali ambapo mtu asingetazamia, yaani katika jarida la wawindaji, Le Chasseur français, lililoanzishwa mwaka 1885 na kiwanda cha bunduki na baisikeli cha mji wa Saint-Étienne. Tangu mwaka 1892 jarida hilo, baada ya habari za mbwa, baruti na ndoana, lilianza kutoa matangazo ya ndoa, na kwa miaka mingi wako walionunua habari za kware na sungura kwa ajili ya kurasa hizo za nyuma tu. Na kwa kuwa mwenye tangazo hulipia kila neno aliandikalo, maneno yalibanwa mpaka yakawa kama hesabu: umri, kimo, kazi, dini, mali, kila kimoja kwa herufi mbili tatu, na msomaji aliyezoea akavisoma kama kadhi asomavyo hati. Lilikuwamo humo neno moja la Kifaransa lenye maana ya "matumaini", ambalo mgeni angelidhania kuwa ni la mapenzi, kumbe lilimaanisha urithi: mwenye kuandika kwamba ana matumaini alikuwa akisema kwamba ana mzazi mwenye mali ambaye bado hajafa. Mimi hupenda ushupavu wa lugha ile. Bei iliwafanya watu wawe wakweli kwa ufupi, kwani ni nani atakayelipa fedha ili aandike kwamba anapenda machweo ya jua?

Lakini ufupi ule ule ulimfaa na mwenye hila. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wanaume wakiwa vitani na wajane wakiongezeka kila juma, alitokea katika magazeti ya Paris mwanamume aliyejieleza kuwa ni mfiwa wa miaka 43, mwenye watoto wawili, mapato ya kutosha, mpole, mtu wa makini, atafutaye mjane kwa nia ya ndoa. Jina lake la kweli lilikuwa Henri Désiré Landru. Mkewe alikuwa hai, na watoto wao walikuwa wanne. Wanawake walimjibu kwa mamia, naye akawapanga katika daftari yake kama mfanyabiashara apangavyo wateja. Na daftari hiyo ndiyo iliyomtia kitanzini, kwa sababu alikuwa bahili wa kuandika kila senti, na humo wapelelezi waliona kwamba kila alipompeleka mwanamke nyumbani kwake shamba, alikata tikiti mbili za gari la moshi, yake ya kwenda na kurudi, na ya mgeni wake ya kwenda tu. Mahakama ilimpata na hatia ya kuwaua wanawake kumi na mtoto wa kiume wa mmoja wao, naye akakatwa kichwa huko Versailles tarehe 25 Februari 1922. Katika tangazo lake hakikuwamo kitu ambacho mtaa ungeweza kwenda kukitazama. "Mpole", "wa makini": hayo ni maneno yasiyo na nyumba wala mlango.

Kwetu Afrika Mashariki kalamu ilikuja na magazeti na shule. Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923, Baraza likafuata Nairobi mwaka 1939, na kizazi kilichojifunza kusoma kwa magazeti kilijifunza pia kwamba jina la mtu laweza kusafiri bila mwili wake. Katika miaka iliyofuata wakaenea marafiki wa kalamu, vijana walioandika majina yao, umri, mapendeleo, na mwisho kabisa sanduku la posta. Na katika hilo sanduku la posta palikuwa na hekima ambayo sidhani mtu yeyote aliikusudia. Barua zetu hazikuletwa mlangoni. Kijana asiye na sanduku lake aliomba kutumia la shule, au la duka, au la mwajiri, hivi kwamba anwani ilikuwa shahidi: aliyeandikiwa aliona mara moja kwamba huyu yupo chini ya mwalimu mkuu fulani, na barua yenyewe ilipitia mkononi mwa mtu mzima aliyeweza kuuliza, "Hii ya nani, mbona yanukia marashi?" Kadhalika zile kadi za salamu za redioni, ambazo watu walizinunua, wakazijaza kwa wino na kuzipeleka stesheni ili wasomewe majina na lakabu zao, zilikuwa njia ya kujitangaza mbele ya hadhara bila kutamka neno la uchumba.

Na kulikuwa na picha. Mwenye kuandika barua ya mbali alikwenda studio, akasimama mbele ya pazia lililochorwa mnazi au ndege, saa ikaonekana mkononi, na redio ikawekwa mapajani au juu ya kimeza kando yake. Redio ilikuwa ya studio. Mara nyingine na saa pia.

Mengine ni ya juzi, nami sitayakawiza. Mwaka 1965 wanafunzi wa Harvard, Marekani, walitoza dola 3 kwa kila aliyejaza hojaji ya kujieleza mwenyewe na kumweleza amtakaye, wakayatia majibu katika kompyuta, na kompyuta ikatoa majina. Mwaka 1995 ukafunguliwa ukumbi wa Match.com katika intaneti. Na mwaka 2012 ikaja programu ya simu iitwayo Tinder, ambayo kwayo sifa za mtu zikaja kuwa picha inayosukumwa kwa kidole kushoto au kulia. Bei ya neno ilikwisha hapo. Mtu aweza kuandika atakavyo, bure, na kwa hiyo wote wakaandika jambo moja.

Nalijua hili kwa kuwa mwaka jana alinijia kijana wa jirani yetu hapa Unguja, fundi wa mashine za boti, akaketi barazani na simu mkononi.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Leo hukwenda bandarini?"

"Nimetoka mapema. Nataka uninyoshee haya maneno, wewe mtu wa kalamu."

Nilivaa miwani nikasoma. Alikuwa ameandika kwamba yeye ni mcheshi, mkweli, mcha Mungu, apendaye maisha, na atafutaye mwenye mapenzi ya dhati. Na picha yake alikuwa ameegemea gari jeupe. Nikamwuliza gari la nani. Akacheka, akasema la mteja. Nikamwuliza kama yuko mwanamume katika Unguja nzima atakayeandika kwamba yeye ni mwongo na hamchi Mungu. Akacheka tena, lakini kidogo.

Basi tukaanza upya. Nikamwuliza hufanya nini alfajiri, akasema hufika gatini kabla ya manahodha, akawasha mashine na kuisikiliza tu, maana mashine mbovu husema yenyewe. Nikamwuliza nani hupika kwao. Akasema siku zote mama, isipokuwa Ijumaa, kwani miguu inamsumbua na yeye hapendi asimame jikoni siku ya watu wengi. Nikamwuliza kuna jambo gani ambalo mwenziwe angelijua ndani ya mwezi wa kwanza na kulishangaa, akanyamaza sana, kisha akanong'ona kwamba hajui kuogelea.

Tuliandika mistari minne: miaka 31, fundi wa mashine za boti, hajaoa, aishi na mama yake, kila Ijumaa ndiye apikaye, hajui kuogelea. Huo mwisho tuliugombania. "Ami, utaniaibisha," alisema, nami nikamwambia kwamba huo ndio mstari pekee ambao mwingine hawezi kumwibia. Picha tuliyoiweka ilimwonyesha ameshika spana, mafuta yamempaka hadi kiwikoni, na boti nyuma yake ikiwa na jina la mwenyewe ubavuni, ili isije ikadhaniwa kuwa ni yake.

Jibu la kwanza lilifika baada ya siku tisa, kutoka kwa mwalimu wa Pemba. Hakusema neno juu ya kuogelea. Aliuliza tu, "Kwenu ni wapi, na mama yako ni nani?" Kijana akanijia mbio kuniuliza aandike mtaa wanaokaa sasa au kijiji alikotoka babu yake. Nikamwambia aandike vyote viwili.