Mkanda wa jeshi: Virusi vilivyolala vinapoamka

Malengelenge yanayozuka upande mmoja wa kifua au uso, iwe Nyeri, Karatina au Nanyuki, huweza kudhaniwa kuwa sumu ya nzi wa Nairobi. Kumbe huenda ni mkanda wa jeshi. Virusi vya tetekuwanga havitoki mwilini mtoto akipona. Hujificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu kwa miaka mingi. Kinga ikidhoofika kwa uzee au VVU, huamka na kuidhuru mishipa hiyo.

Maumivu aghalabu hutangulia vipele, jambo ambalo mdudu hafanyi. Vidonge vya asaiklovia hufaa zaidi vikianzwa ndani ya saa 72 baada ya vipele kutokea; mafuta ya kupaka hayatoshi. Baadhi ya wagonjwa, hasa wazee, huendelea kuungulika miezi mingi baada ya ngozi kupona.