Doti: kutoka kiuno cha Mhindi hadi kanga za Bungu

Msimu wa korosho ukishaingiza fedha Bungu, kwenye barabara iendayo Lindi, kanga hununuliwa kama zinavyonunuliwa pwani nzima: kwa doti. Doti moja ni pande mbili zenye nakshi na maandishi yaleyale, zikiwa bado zimeungana. Mnunuzi huzikata na kuzipinda. Upande mmoja wa kuvaa, wa pili wa kujitanda.

Asili ya neno ni India. Huko dhoti ni vazi la mwanamume, kitambaa kirefu kisichoshonwa kinachofungwa kiunoni na kupitishwa miguuni. Dh yao ni d yenye pumzi, si dh ya dhahabu, ndiyo maana Kiswahili kikatamka doti.

Pwani yetu ililipokea neno hilo kama kipimo. Katika karne ya 19 nguo ilikuwa fedha ya misafara: kaniki nyeusi, na hasa merikani, pamba ghafi iliyoletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Biashara hiyo ilipata nguvu baada ya mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani. Richard Burton, aliyesafiri bara kuanzia 1857 hadi 1859, aliandika vipimo vyake: shuka ni mikono 4, doti ni shuka 2, yaani mikono 8, karibu yadi 4. Wapagazi walilipwa hivyo, na hongo za watawala wa njiani zilitolewa hivyo.

Kanga zilipoenea mwishoni mwa karne hiyo, zilikikuta kipimo tayari kipo. Urefu umepungua, kwani doti ya kanga leo ni mita 3 hivi. Uwili haukuguswa: zamani shuka mbili, sasa pande mbili.

Kisarufi, doti imo katika ngeli ya I-ZI: doti hii imepauka, doti hizi zimepauka. Jora, kipimo kingine cha misafara, lilifuata njia yake likazaa majora. Tofauti ya "kanga tatu" na "doti tatu" si ndogo, maana doti tatu ni pande sita. Mwali anapotolewa au mahari inapopelekwa, kuchanganya hesabu hizo ni kupunguza zawadi kwa nusu.

Walimu wa Kiswahili wa Kibiti na Rufiji wanaofundisha ngeli waanze na neno hili, kwa kuwa kila mwanafunzi ameshalisikia nyumbani kwao.