Ukinunua furu wa kufuga kwenye kioo, usidanganyike na rangi ya siku ile

Wadau, pale kafe naulizwa sana: utajuaje samaki mdogo atakuja kuwa na rangi kali? Mimi hili nimelilipia. Nilinunua furu kwa jamaa mmoja Bukoba mjini, nikachagua mmoja anang'aa, wale wa kijivu nikawaacha. Kufika naye Muleba, kapauka kabisa! Miezi kadhaa baadaye narudi, wale niliowakataa wamekuwa wekundu na bei imepanda.

Sababu ni hii. Furu wengi wa Ziwa Victoria wakiwa wadogo, dume na jike wote ni kijivu tu. Mfano ni Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Dume akikomaa anakuwa mwekundu mgongoni, njano ubavuni, na mistari myeusi. Jike hapati rangi hiyo. Tena dume mbabe ndiye anayewaka. Akionewa na wenzake au akiogopa safari, anafifia.

Kwa hiyo ukienda kununua:

1. Omba uonyeshwe wazazi, hasa baba.
2. Angalia pezi la chini karibu na mkia. Madoa ya njano yaliyokolea, kama mayai, ni dalili ya dume.
3. Mtoto anayewaka kupita kiasi mtilie shaka. Wapo wauzaji wanaowapa homoni, na zikiisha rangi nayo inaisha.
4. Chagua mchangamfu, anayekula, mapezi hayajachanika.

Nyumbani mpe na uduvi, maana wekundu unatokana na chakula pia. Halafu subira, jamani!