Masomo ya ziada ya Hisabati Bulla Pesa

MWANAFUNZI wa Bulla Pesa, mjini Isiolo, anayelemewa na aljebra huenda alipotea miaka mingi nyuma, katika hesabu za nusu, robo na thuluthi. Huyo hujumlisha nusu na thuluthi akapata mbili kwa tano, ilhali jibu ni tano kwa sita. Anayemfunza peke yake humtaka kwanza aeleze njia aliyotumia, kwa Kiborana, Kisomali au Kiswahili, na kosa hujitokeza. Kumrundikia mazoezi kabla ya hapo ni kumpotezea mzazi fedha.

Wakati nao ni muhimu: kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinapiga marufuku masomo ya ziada ya likizo, kwa faini isiyozidi Sh100,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.